Wanankhucha, mama aliyetoa watu wake utumwani



Katika masomo ya historia tunafundishwa majina ya wafalme na ya wapiganaji: Kalala Ilunga, Kasongo Niembo, Msiri. Ni vizuri kuyajua. Lakini leo tunaleta kwenu habari za mwanamke mmoja ambaye hakuwa na kiti cha ufalme, hakuwa na bunduki, hakuwa hata na uhuru wake mwenyewe. Alikuwa mtumwa. Pamoja na hayo, watu wa kabila lake wanamkumbuka kufika leo, na wanasema ya kama bila yeye wasingekuwa taifa.

Juu ya nini tunamleta mtu wa mbali hivi kwa wasomaji wa Luena? Ni kwa sababu ya ulizo moja ambalo linatuhusu sisi wenyewe. Kila mtoto wa huku amesikia wazee wakisimulia habari za misafara ya Bié. Wafanya biashara Ovimbundu walitoka Angola na bunduki, baruti na vitambaa, wakarudi kwao na pembe za tembo na watu waliofungwa. Kule Bunkeya, Msiri aliuzisha watu kufika siku ya kifo chake, tarehe 20 Desemba 1891. Waluba wengi walikwenda Bié na hawakuonekana tena. Wengine walirudi, mwanzo wa karne ya 20, na kati yao kulikuwa Wakristo. Wale wa kanisa wanalijua jina la Shalumbo, Musongye ambaye zamani alikuwa ndani ya biashara ile ya watumwa, akaokoka kule Angola, kisha akarudi na kusaidia kazi ya Injili pamoja na Burton, aliyefika Mwanza mwaka 1915.

Basi ulizo ni hili. Wale ambao hawakurudi, watoto wao walijua nini juu ya nchi ya baba zao? Wajukuu wao walisema lugha gani? Kwa sehemu kubwa, jibu ni la huzuni: walipotea ndani ya watu wengine, na jina la kijiji chao lilikufa pamoja na wazee. Lakini kuna watu wamoja, upande wa mashariki, ambao hawakupotea. Hao ni Wazigua, na mama yao ni Wanankhucha.

1. NCHI YA WAZIGUA

Mkifungua karata ya Afrika, tafuteni Tanzania, kisha pwani yake ya kaskazini. Kati ya mto Pangani na mto Wami, nyuma ya mji wa Tanga, kuna nchi ya Handeni. Pale ndio kwao Wazigua, ambao wenyewe wanajiita pia Wazigula. Ni watu wa Kibantu sawa sisi. Lugha yao haifanani na Kiluba kwa kila neno, lakini mtoto ni mwana kwao na ni mwana kwetu pia.

Walikuwa walimaji na wawindaji. Ukoo wa mama ulikuwa na uzito sana kwao: mtu alijulikana kwa upande wa mama yake, na wasichana waliingizwa katika mambo ya wanawake wazima kwa ngoma na mafundisho maalum. Tulishike jambo hilo vizuri, maana litarudi mbele.

Nchi yao si mbali na bahari, na mbele yake iko Zanzibari. Miaka ile ya 1830, Sultani Seyyid Said wa Omani alikuwa anaigeuza Zanzibari kuwa soko kubwa la pwani yote. Mashamba ya karafuu yalitafuta mikono. Mashua za Waarabu zilipanda na kushuka pwani, toka Kilwa mpaka Barawa na Mogadishu. Mtu alikuwa bidhaa sawa pembe au chumvi.

2. NJAA NA UDANGANYIFU

Katika miaka ile ya 1830 mvua ilikosa katika nchi ya Wazigua. Mashamba yalikauka. Watu walikula chakula cha akiba, kisha mbegu, kisha mizizi ya porini. Yeye ambaye hajaona njaa hawezi kufahamu nguvu yake. Njaa inamfanya baba kumtoa mtoto wake kuwa rehani kwa mtu mwenye nafaka, akijiambia ya kama atamkomboa mvua itakaporudi. Wengine waliteremka mpaka pwani na kujitoa wenyewe kwa matajiri, ili wapate kula tu.

Wazee wa Wazigua wanasimulia ya kama watu wa mashua walikuja na maneno matamu. Waliwaambia kwamba ng'ambo kuna nchi yenye mavuno mengi na kazi. Waende, wafanye kazi, wale, na njaa ikiisha watarudishwa kwao. Watu wenye njaa walisadiki. Waliingia katika mashua, wanaume na wanawake pamoja na watoto wao, pengine jamaa nzima.

Mashua hazikwenda pahali walipoahidiwa. Zilikwenda kaskazini, siku nyingi, mpaka pwani ya Benadir katika nchi ya Wasomali. Kule walishushwa na kuuzishwa. Wakati ule ndio walifahamu. Lakini bahari ilikuwa nyuma yao, na njia ya kurudi kwa miguu hakuna mtu aliijua.

Tusiseme ya kama wabaya walikuwa watu wa rangi moja tu. Msiri alikuwa Mwafrika, na Wasomali walionunua Wazigua walikuwa Waafrika vilevile. Biashara ya watu iliharibu mioyo ya wote walioigusa, weupe, Waarabu na weusi.

3. MAISHA KANDO YA SHABELLE

Nyuma ya pwani ya Benadir kuna mto Shabelle. Maji yake yanalisha mashamba ya mtama, ufuta na pamba. Wakati ule mavuno hayo yalianza kuuzishwa ng'ambo kwa faida nzuri, na matajiri wa Kisomali walitaka mashamba makubwa kushinda yale ya zamani. Wafugaji wenyewe hawakupenda kuinama na jembe. Kwa hiyo walinunua watumwa.

Mtumwa alilima toka asubuhi mpaka jua kushuka. Mavuno hayakuwa yake. Watoto wake hawakuwa wake pia, maana waliozaliwa shambani walihesabiwa kuwa mali ya bwana. Alizoea kuitwa kwa jina lingine na kuagizwa kwa lugha nyingine. Hata nywele zake ziligeuzwa kuwa matukano: Wasomali waliwaita watu hao jareer, ndio kusema wenye nywele ngumu, na jina hilo liliwafuata hata wajukuu wa wajukuu.

Hapa tusimame kidogo tufikiri. Katika ufalme wa Waluba kulikuwa chama cha Mbudye, watu wenye kazi ya kutunza kumbukumbu. Walikuwa na lukasa, ubao wenye shanga na alama. Mtu wa Mbudye alipitisha kidole juu ya zile shanga na kusimulia wafalme, safari, na pahali patakatifu. Ubao ule ulibeba historia ya nchi nzima. Lakini mtu aliyekamatwa habebi lukasa. Habebi kiti cha mababu, wala ngoma, wala kaburi la mama yake. Anabaki na vitu viwili tu ambavyo bwana hawezi kumnyang'anya kwa haraka: ulimi wake na kichwa chake.

Wazigua walitumia vyote viwili. Mchana walifuata lugha ya bwana. Usiku walisema Kizigua. Walisimulia hadithi za kwao, walitegana vitendawili, waliwaambia watoto majina ya koo za mama zao na majina ya mito ya Handeni ambayo watoto hawakuiona. Tena walikuwa na bahati moja ndani ya taabu yao: walikuwa wengi, walifika karibu wakati mmoja, na walisema lugha moja. Watumwa wengine waliletwa mmoja mmoja toka pande zote, Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangindo, na mtu alikosa mwenzake wa kuzungumza naye.

4. WANANKHUCHA ANASIMAMA

Kati ya watumwa hao alikuwa Wanankhucha. Hakuna kitabu cha wakati ule kilichoandika jina lake. Maisha yake tunayajua kwa njia ya kinywa, mama kumwambia binti na mzee kumwambia kijana, kwa muda wa miaka zaidi ya mia na hamsini. Kama vile ilivyo desturi ya hadithi za namna hiyo, kila kijiji kinasimulia kwa njia yake, lakini shina la habari ni moja.

Wanasema ya kama alikuwa mwanamke mwenye maono. Alijua kusoma ishara na kuagua, sawa waganga wa kwao Handeni. Watumwa wenzake walimwendea kwa siri na shida zao, na neno lake lilikuwa na uzito kushinda la wanaume wenye nguvu. Yeye alikuwa kamba iliyowafunga pamoja: wale wa shamba hili walijua habari za wale wa shamba lile kwa sababu wote walimsikiliza mtu mmoja.

Walitaka kitu kimoja tu, kurudi kwao. Siyo kwenda kutafuta bwana mwema, siyo kulomba kazi nyepesi. Kurudi Handeni. Lakini kukimbia mmoja mmoja kulikuwa kufa. Yeye aliyekimbia peke yake alikamatwa njiani, au alikufa na kiu, au aliuzishwa tena na mtu mwingine. Wanankhucha aliona ya kama ni lazima watoke wote pamoja, na siku moja.

Kazi kubwa ilikuwa kungojea. Vijana walitaka kuondoka upesi, naye aliwazuia mpaka ishara zitimie. Fikirini ni siri ya namna gani: watu wengi, katika mashamba mbalimbali, wanaume na wanawake, wanajua jambo moja kwa muda mrefu, na hakuna aliyelipeleka kwa bwana. Jambo hilo linaonyesha ya kama walikuwa bado taifa. Watu wasio na umoja wasingeweza. Na lugha yao ilikuwa ukuta wa siri ile, maana mabwana hawakuisikia.

Siku ilipofika, Wanankhucha aliwaambia watoke. Waliondoka na watoto mgongoni na silaha chache walizoweza kupata. Walielekea kusini, upande ambako walijua ya kama iko nchi yao.

5. JUBA: TUTAKAA HAPA

Kutoka Shabelle kwenda kusini, mtu anapita nchi kavu yenye miiba, kisha anafika kwa mto mwingine mkubwa, ndio Juba. Wakimbizi wa kwanza walifika kule katika miaka ya 1840. Ng'ambo na kando ya mto kulikuwa msitu mzito. Wasomali waliuita Gosha, ndio kusema msitu. Sisi tunaojua mabonde ya Lualaba kule Bukama, na matete ya Upemba, tunaweza kuona pahali pale kwa macho ya roho: maji, matope meusi, mbu, mamba.

Watu walitaka kupita na kuendelea. Handeni ilikuwa bado zaidi ya kilometa 600 mbele, kama ndege anavyoruka. Ndipo Wanankhucha aliwaambia neno ambalo hakuna mtu alitaka kulisikia. Ishara zilimwonyesha ya kama wasiende mbele. Wakae pale.

Mnaweza kufikiri huzuni yao. Waliacha utumwa juu ya kurudi kwao, na mtu yuleyule aliyewatoa anawaambia wasirudi! Lakini tukiangalia mambo kwa akili tunaona ya kama neno lake lilikuwa la hekima. Mbele yao ilikuwa nchi ya Waoromo, wafugaji wenye mikuki, ambao waliishika nchi yote kati ya Juba na Tana. Msituni kulikuwa pia Waboni, wawindaji wenye mishale. Kati ya mto na mto maji yalikuwa haba. Kundi lenye wazee na watoto wadogo lingekufa njiani, au lingeangukia utumwa mwingine.

Msitu wenyewe ulikuwa ngome. Ulikuwa na mbung'o, yule nzi anayeua ng'ombe, na kwa sababu hiyo wafugaji waliogopa kuingiza mifugo yao mle. Mahali ambapo bwana wa ng'ombe aliona kifo, mlimaji aliona chakula. Udongo wa Juba ulikuwa mzuri. Wazigua walikata miti, wakapanda mahindi na mtama, wakavua samaki, wakajenga vijiji. Walipigana na majirani wakati ilikuwa lazima kupigana, wakapatana nao wakati iliwezekana.

Hapa tunaona Wanankhucha alikuwa mtu wa namna gani. Kuwaambia watu maneno wanayotaka kusikia ni rahisi. Yeye alikuwa na ujasiri wa kuwaambia lisilowapendeza, na walikuwa na imani naye ya kutosha kumsikiliza. Nchi aliyowaahidi hawakuifikia. Lakini watoto wao walizaliwa huru.

6. JUU YA UGANGA WAKE

Mwanafunzi Mkristo atauliza: je, ni halali kumsifu mwanamke aliyekuwa mganga? Ni ulizo zuri, na tusilikimbie.

Wanankhucha hakuwa na Biblia. Hakuna mhubiri aliyefika kwake. Alitumia nuru aliyokuwa nayo. Sisi hatumfuati katika uaguzi, maana tumepewa nuru nyingine. Lakini tunajua ya kama Mungu anachukia utumwa, na tunajua alisikia kilio cha Waisraeli kule Misri hata kabla hawajapewa sheria. Miriamu alipiga matari ng'ambo ya bahari, na Debora aliketi chini ya mtende kuwahukumu watu. Mungu anajua kumsimamisha mwanamke wakati wanaume wamekata tamaa.

Kuna jambo lingine la kufikiri. Waisraeli pia walikaa utumwani vizazi vingi. Wangekuwa wamesahau majina ya Abrahamu, Isaka na Yakobo, Musa angewaambia nini? Wasingemfahamu. Kukumbuka kulitangulia, kutoka kulifuata.

7. VIZAZI VILIVYOFUATA

Habari ya msitu wa Gosha ilienea kwa watumwa wa Shabelle. Wengine wengi walikimbilia kule: Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangindo. Kila kabila lilijenga vijiji vyake. Mwisho wa karne ya 19, Nassib Bundo, mtu wa asili ya Kiyao aliyekuwa mtumwa zamani, alikuwa mkubwa kushinda viongozi wote wa Gosha, na watu walisema ya kama hata mamba wa Juba walimtii. Waitalia walipoishika nchi walimkamata, na alikufa kifungoni. Mwanzo wa karne ya 20 inakadiriwa ya kama watu 35,000 waliotoka utumwani walikuwa wanakaa katika bonde la Juba.

Waitalia walipiga marufuku utumwa, lakini miaka ya 1930 wao wenyewe waliwalazimisha watu hao kufanya kazi katika mashamba yao ya ndizi na pamba. Wazee wetu waliolazimishwa kulima pamba wakati wa Wabelgiji wangefahamu habari hiyo bila kufasiriwa.

Katika miaka hiyo yote, watu wa makabila mengine ya Gosha waliacha polepole lugha za asili zao na kushika Kimaay cha majirani. Hatuwezi kuwacheka. Walifika wachache wachache, walioana na wageni, na walitaka watoto wao wasidharauliwe. Lakini Wazigua waliendelea na Kizigua. Wakati wazee wao walipokubali Uislamu, mwisho wa karne ya 19, waliswali kwa Kiarabu na kurudi nyumbani kusema Kizigua. Mwaka 1972 serikali ya Somalia ilipoamua kuandika Kisomali na kukifundisha kwa masomo yote, watoto walisoma Kisomali darasani, na nyumbani bibi zao waliwajibu kwa Kizigua.

Mnauliza siri yao ni nini? Tunaweza kutaja mambo matatu. Kwanza, walikaa pamoja katika vijiji vyao, sawa Wanankhucha alivyowaweka. Pili, hadithi ya kutoka utumwani ilisimuliwa kila mara, na hadithi ile ilikuwa ya Kizigua. Kuiacha lugha ilikuwa kumwacha Wanankhucha. Tatu, na hilo ni kubwa, kazi ya kukumbuka ilikuwa mikononi mwa wanawake. Majina ya koo yalipita kwa mama. Ngoma za wasichana zilifundishwa na mama na mashangazi, na ndani ya ngoma zile kulikuwa maneno, nyimbo na mafundisho ya Handeni. Mwanaume alikwenda kazini na kurudi na lugha ya soko. Mama alibaki na watoto.

8. WALIFIKA HANDENI

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka na vita viliingia. Watu wa bonde la Juba hawakuwa na ukoo mkubwa wa Kisomali wa kuwatetea. Watu wenye bunduki walikuja kunyang'anya nafaka, wakaua wanaume, wakatenda jeuri kwa wanawake. Kwa mara nyingine Wazigua walikimbia, watoto mgongoni.

Wengi walifika Kenya, katika kambi za Dadaab. Toka mwaka 2003 na 2004, zaidi ya watu 10,000 wa bonde la Juba walipelekwa Marekani. Lakini wengine walishika njia nyingine. Waliteremka mpaka Tanzania, wakaomba kupelekwa Handeni. Waliwekwa kwanza katika kambi ya Mkuiu, kisha toka mwaka 2003 walipewa mashamba pahali paitwapo Chogo, katika nchi ileile ya Wazigua.

Fikirini ajabu hii. Watu waliotoka Somalia, waliozaliwa Somalia, ambao baba zao na babu zao walizaliwa Somalia, wanafika kwa kijiji cha Tanzania na kusalimu. Na watu wa kijiji wanaitikia, maana wanaisikia lugha! Maneno mengine yalikuwa yamebadilika kidogo, na sauti ilikuwa ya mbali, lakini ilikuwa lugha moja. Hakuna aliyewaletea karatasi ya kuonyesha asili yao. Ulimi ulikuwa karatasi. Katika miaka iliyofuata serikali ya Tanzania ilianza kuwapa uraia.

Kwa hiyo neno la Wanankhucha halikuwa mwisho wa safari. Aliwaambia wakae, nao walikaa, lakini waliitunza njia ya kurudi ndani ya vinywa vyao kwa miaka mia na hamsini na zaidi. Aliyeondoka Handeni akilia hakurudi. Mjukuu wa wajukuu wake alirudi kwa ajili yake.

9. MAFUNDISHO KWETU

La kwanza. Mtu anaweza kupoteza nchi, mali, hata jina, na bado asipotee. Lakini akiacha kuwaambia watoto wake, amepotea hata kama anakaa katika kijiji cha babu yake. Hakuna Mwarabu wala mtu wa Bié aliyetukataza leo kusema Kiluba, Kisanga, Kilunda, Kikanyok au Kichokwe na babu zetu. Hata hivyo tunaona wanafunzi ambao wakiulizwa jina la mto wa kijiji cha mama yao wanacheka na kujibu kwa Kifaransa. Kifaransa ni kizuri, na mtihani wa serikali unakidai. Wazigua nao walijua lugha tatu na nne. Kujifunza ya wengine si kosa. Kosa ni kuona haya kwa ya kwetu.

La pili. Luena ni mji wa makaa ya mawe na wa reli. Watu wengi wa hapa walifika kwa ajili ya kazi, kila mmoja toka upande wake. Hatuwezi kujenga vijiji vya kabila moja moja, wala tusitake hivyo; tuliona mabaya ya ukabila katika nchi yetu. Wanankhucha hakuwafundisha Wazigua kuwachukia wengine. Katika msitu wa Gosha kulikuwa nafasi ya kila aliyekimbia minyororo. Kutunza ya kwako na kumpokea jirani ni mambo mawili yanayoweza kukaa katika nyumba moja.

La tatu ni kwa dada zetu. Kuna wavulana wanaosema ya kama historia ni kazi ya wanaume. Muwajibu kwa habari ya Wanankhucha. Kiongozi aliyewatoa watu ni mwanamke, na walioitunza hadithi yake ni wanawake.

La nne. Tusifikiri ya kama kukumbuka kunaondoa taabu yote. Wazigua walikumbuka, na bado walidharauliwa na kunyang'anywa mashamba. Kumbukumbu haikuwa ngao ya kuzuia risasi. Lakini iliwapa pahali pa kukimbilia, na iliwapa jibu kila mara walipoambiwa ya kama wao si watu.

Likizo inakaribia. Wengi wetu tutakwenda kwa wazazi, wengine tutawaona babu na bibi ambao pengine hatutawakuta tena mwaka ujao. Basi kila mwanafunzi achukue kaye moja na kalamu, akae karibu na mzee mmoja, aulize mambo matatu: jina la kijiji ambako ukoo wake ulitoka, jina la mama ya bibi yake, na hadithi moja ambayo mzee huyo aliisikia akiwa mtoto. Aandike kwa lugha ileile ya mzee, siyo kwa Kifaransa. Masomo yakianza, walimu wa historia watapokea kazi hizo na zilizo nzuri zitapigwa katika namba yetu itakayofuata.

Mungu awabariki na kuwalinda njiani.